Dawa Ipi kwa Utumbo Huu?

Mwezi Mei 1859, katika mji wa Richmond karibu na London, mwanamke aitwaye Isabella Bankes alifariki baada ya kuhara, kutapika na kukonda kwa wiki kadhaa. Daktari Thomas Smethurst, aliyekuwa akiishi naye kama mumewe, alishtakiwa kwa kumlisha sumu. Mkemia maarufu wa enzi hiyo, Alfred Swaine Taylor, alidai ameona arseniki katika chupa moja ya mshitakiwa, kisha akalazimika kukiri kwamba arseniki hiyo ilitoka katika shaba aliyoitumia yeye mwenyewe kupimia. Hata hivyo Smethurst alihukumiwa kunyongwa. Baadaye alisamehewa kosa la kuua, akafungwa kwa kuoa mke wa pili ilhali wa kwanza yu hai.

Katika kesi ile palikuwa na ushahidi mmoja ambao historia ya tiba haikuusahau. Samuel Wilks, daktari wa hospitali ya Guy's, aliuchunguza utumbo wa marehemu na kuona vidonda vingi katika utumbo mpana, na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba nayo imevimba. Mwaka huohuo aliandika barua katika jarida la kitabibu akieleza kwamba huu ni uvimbe wa utumbo usiojulikana chanzo chake. Wanaoisoma barua hiyo leo huitaja kama mwanzo wa habari za vidonda vya utumbo mpana, ingawa wengine wanasema maelezo yake yanaelekea zaidi kwenye ugonjwa wa Crohn. Mkanganyiko huo haujaisha mpaka sasa, na una uzito wake, kwa sababu magonjwa haya mawili hayatibiwi kwa dawa zilezile.

Vidonda vya utumbo mpana huanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka mahali, na hula ngozi ya ndani tu. Crohn huweza kushika popote kuanzia kinywani hadi mwisho wa njia ya haja. Huruka sehemu na kuacha nyingine, hupenya ukuta wote wa utumbo, na wakati mwingine hutoboa vijia vya usaha mpaka nje ya mwili. Jina lake limetokana na Burrill Crohn wa hospitali ya Mount Sinai, New York. Mwaka 1932 yeye pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walieleza wagonjwa 14. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na ndivyo Crohn alivyotangulia. Haki inataka tumtaje pia Kennedy Dalziel, daktari mpasuaji wa Glasgow, aliyekuwa ameeleza ugonjwa unaofanana na huo mwaka 1913. Katika magonjwa yote mawili, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo, na shambulio likishaanza halijui kukoma lenyewe. Mgonjwa wa 1932 alikuwa na kitanda, chakula laini, damu ya kuongezewa na kisu cha mpasuaji. Dawa hakuwa nayo.

Nanna Svartz hakuwa akitafuta dawa ya utumbo. Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa profesa wa tiba katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, mwanamke wa kwanza nchini Uswidi kupata uprofesa wa serikali, na ugonjwa uliomshughulisha ulikuwa baridi yabisi. Wengi wakati ule waliamini kwamba bakteria ndio wanaoileta. Svartz akawaza kuwa salfa huua bakteria, na salisilati, ndugu wa aspirini, hutuliza viungo, basi viwili hivyo viunganishwe viwe kitu kimoja. Kampuni ya Pharmacia ikamtengenezea michanganyiko, na mmojawapo ukawa salfasalazini. Alipowapa wagonjwa, aliona kwamba wale waliokuwa na vidonda vya utumbo mpana walipata nafuu ambayo hakuitarajia. Alichapisha matokeo yake mwaka 1942, vita vikiwaka kote Ulaya. Nadharia yake ya bakteria haikusimama. Dawa imesimama mpaka leo, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Lakini kuona wagonjwa wakipona si sawa na kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyowaponya. Magonjwa haya hulala na kuamka yenyewe. Mtu anaweza kumeza maji ya mwarobaini wiki ambayo ugonjwa ulikuwa umeshaamua kulala, akaapa kwamba mwarobaini umemtibu, naye hasemi uongo kwa anavyojua yeye. Kwa hiyo swali la dawa ipi ni bora halikuweza kujibiwa mpaka watu walipokubali kufanya jambo lililoonekana la kikatili: kumpa mgonjwa mmoja dawa, na mwingine kidonge kisicho na kitu.

Sidney Truelove na Leslie Witts walifanya hivyo kwa kotisoni. Dawa hiyo ilikuwa imeishangaza dunia kwa kuwainua vitandani wagonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1950 Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya homoni za jamii hiyo. Shauku ilikuwa kubwa, na kila hospitali ilitaka kuijaribu kwa kila ugonjwa. Truelove na Witts, waliokuwa Oxford, walijizuia. Wagonjwa 210 wa vidonda vya utumbo mpana waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu hivi wakapata kotisoni, waliobaki vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa. Mwaka 1955 walitoa taarifa kamili: kati ya waliopata kotisoni, 41 kwa kila 100 ugonjwa ulitulia ndani ya wiki 6, na kwa wengine ni 16 tu. Wawili hao walituachia pia kipimo cha kutambua shambulio kali, ambacho madaktari wanakitumia hadi leo: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa, mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au damu iliyopungua mwilini. Mwenye dalili hizo hatakiwi kurudishwa nyumbani na vidonge, analazwa.

Baada ya hapo ilionekana kama kwamba jibu limepatikana. Steroidi, jamii ya kotisoni, inatuliza, basi mgonjwa aendelee kuimeza. Miaka kumi ilipita kabla ya swali la pili kuulizwa ipasavyo, na swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililogeuza tiba nzima: je, dawa inayouzima moto inaweza pia kuuzuia usiwake tena? Mwaka 1965 majaribio mawili ya Uingereza yalilijibu. John Lennard-Jones na wenzake waliwapa wagonjwa waliotulia prednisoni, steroidi ya jamii hiyo, kidogo kila siku, na wengine kidonge kitupu. Ugonjwa uliwarudia kwa kiasi kilekile. Katika jaribio jingine, waliotulia walipewa salfasalazini, na wengi zaidi kati yao waliendelea kuwa salama mwaka mzima kuliko wale wasioipata.

Dawa iliyo hodari kwa kuzima haikufaa kulinda, na ile pole ndiyo iliyolinda. Wakati huohuo miili ya wagonjwa ilikuwa imeanza kutoa ushahidi wake juu ya steroidi za muda mrefu: uso unaovimba na kuwa mviringo, mifupa inayokonda, sukari na presha kupanda, usingizi kupotea, ngozi kuchanika kwa kuguswa tu. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu bado wapo wanaoishi kwa prednisoloni mwaka hadi mwaka. Wanajaziwa cheti kilekile kila wakirudi kliniki, huku swali la 1965 limejibiwa zamani.

Huku kwetu steroidi ina hatari nyingine. Kuhara damu kunaweza kuwa ni amiba, na amiba akipewa steroidi hupata uwanja wa kufanya apendavyo. Utumbo unaweza kutoboka na mgonjwa akafa. Katika miaka ya ukoloni na baada yake, madaktari wengi waliamini Mwafrika hapati magonjwa haya kabisa. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1960, alieneza hoja kwamba magonjwa mengi ya utumbo yanayowasumbua watu wa nchi tajiri ni nadra kwa wanavijiji wa Afrika, kutokana na chakula chao chenye makapi mengi. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ila ilizaa mazoea ya kutotafuta. Hata hivyo katika miaka hiyohiyo ya 1960 madaktari wa Mulago, Kampala, waliripoti Waafrika wachache wenye vidonda vya utumbo mpana. Nadra haimaanishi hakuna.

Turudi Oxford, mwaka 1977, kwenye jaribio ninaloliheshimu kuliko yote katika historia hii. A. K. Azad Khan, daktari kijana kutoka Bangladesh, alikuwa akifanya kazi na Truelove. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu Svartz achapishe matokeo yake, na bado hapakuwa na mtu aliyejua kwa nini salfasalazini inafanya kazi. Ilijulikana tu kwamba mgonjwa akiimeza, sehemu kubwa hufika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, na huko bakteria wa tumboni hukikata kiungo kinachozishika nusu zake mbili. Upande mmoja hubaki salfapiridini, upande wa pili asidi ya salisiliki yenye amini, ambayo siku hizi inaitwa mesalazini. Nusu ipi ni dawa, na ipi ni mzigo tu?

Kuwapa watu nusu hizo kwa kumeza kusingesaidia, maana zingenyonywa na mwili kabla ya kufika. Azad Khan alizitia kwenye maji ya enema. Wagonjwa walijitia maji hayo kwa njia ya haja kubwa, wengine salfasalazini nzima, wengine salfapiridini peke yake, wengine mesalazini peke yake, nao hawakujua nani amepewa nini. Baada ya wiki mbili vipande vidogo vya ngozi ya utumbo vilitazamwa kwa darubini. Waliopata dawa nzima na waliopata mesalazini walifanana: karibu 3 kati ya 10 ngozi ilionyesha kupona. Waliopata salfapiridini walikuwa karibu 1 kati ya 20. Salfa, ambayo Svartz aliitia ili iue bakteria, ilikuwa mbebaji tu. Na mbebaji huyo ndiye aliyekuwa akileta sehemu kubwa ya kero: kichefuchefu, kichwa kuuma, vipele, na mbegu za kiume kupungua kwa muda wote ambao mwanamume anatumia dawa. Azad Khan alirudi kwao, akawa mmoja wa viongozi wakubwa wa huduma ya kisukari nchini Bangladesh.

Viwanda vilielewa upesi. Miaka ya 1980 ikaleta mesalazini ya kila namna, vidonge vyenye ganda linaloyeyuka mbali tumboni, chembechembe, enema, vidonge vya kupachika. Zilipolinganishwa na salfasalazini, mesalazini haikuonekana kuwa na nguvu zaidi. Katika kulinda, dawa kongwe hata iliipita kidogo. Faida ya mesalazini ni kwamba watu wengi zaidi wanaivumilia. Hilo ni jambo kubwa kwa asiyeweza kustahimili salfa, lakini ni dogo kwa anayeistahimili na anayenunua dawa kwa fedha za mfukoni. Kwa Crohn, mesalazini imeonekana kuwa na manufaa madogo sana, ijapokuwa iliandikiwa wagonjwa wa Crohn kwa miongo mingi.

Kwa Crohn njia ilipitia mahali pengine. Gertrude Elion, binti wa wahamiaji aliyezaliwa New York mwaka 1918, alikataliwa kazi za maabara kwa sababu ni mwanamke, mpaka George Hitchings alipomchukua katika kampuni ya Burroughs Wellcome. Pamoja walitengeneza merkaptopurini, dawa ya saratani ya damu ya watoto, na baadaye azathioprini, iliyowezesha figo zilizopandikizwa zisikataliwe na mwili. Walipewa Nobel mwaka 1988. Dawa inayotuliza kinga isiikatae figo ngeni ingeweza kuituliza isiushambulie utumbo, na madaktari walianza kuijaribu mapema miaka ya 1960.

Mwaka 1979 utafiti mkubwa wa ushirikiano wa Marekani juu ya Crohn ulitoa majibu. Prednisoni na salfasalazini zilishinda kidonge kitupu. Azathioprini haikushinda, na ingeweza kutupwa hapo. Kosa lilikuwa kwenye kalenda. Awamu hiyo ya jaribio ilikwenda wiki 17 tu, na dawa za jamii hii ni nzito kuanza. Daniel Present na Burton Korelitz wa New York walikuwa wakiendesha jaribio lao la miaka miwili, wakitumia merkaptopurini kwa wagonjwa 83. Mwaka 1980 walionyesha kwamba thuluthi mbili ya waliotumia dawa walipata nafuu, dhidi ya 8 kwa kila 100 waliotumia kidonge kitupu, na nafuu hiyo ilichukua zaidi ya miezi mitatu kwa wastani kuonekana. Mgonjwa anayeacha azathioprini baada ya mwezi mmoja kwa sababu haimsaidii anarudia kosa lile la 1979. Dawa hii ina masharti yake: chembe nyeupe za damu lazima zipimwe mara kwa mara, kwa kuwa wapo watu wachache, takriban mmoja kati ya 300, ambao miili yao imekosa kabisa kimeng'enya cha kuivunja, na kwao kipimo cha kawaida ni sumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlango mwingine ulifunguka. Jan Vilček, aliyekimbia Chekoslovakia mwaka 1964, na Junming Le walitengeneza katika Chuo Kikuu cha New York kingamwili inayokamata TNF, mjumbe wa kinga anayeamrisha uvimbe. Kampuni ya Centocor ilitarajia itatibu sumu ya damu inayotokana na maambukizi, ikashindwa. Huko Amsterdam madaktari wakampa msichana mmoja mwenye Crohn kali ambaye dawa nyingine zilikuwa zimemshinda, akapata nafuu kubwa. Mwaka 1997 Stephan Targan na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 108: kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, 81 kwa kila 100 walikuwa na nafuu baada ya wiki 4, na kwa maji matupu ni 17. Mwaka uliofuata Marekani iliiruhusu dawa hiyo, infliksimabu.

Mwaka 2001 ikaja habari inayotuhusu moja kwa moja. Ziliripotiwa kesi 70 za kifua kikuu kwa watu waliopewa infliksimabu, nyingi baada ya dozi tatu au pungufu, na zaidi ya nusu nje ya mapafu. Wengi wao walitoka nchi ambazo kifua kikuu ni haba. TNF ndiye anayewafungia bakteria wa kifua kikuu waliolala mwilini; ukimwondoa, wanaamka. Katika nchi zetu, ambako watu wengi wamebeba bakteria hao bila kuugua, hakuna haki ya kudondosha dripu ya kwanza kabla ya picha ya kifua na kipimo cha maambukizi yaliyolala. Kuna na mtego wa pili. Kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn hata mbele ya kamera, na kukitibu kama Crohn ni kumkabidhi mgonjwa kwa adui.

Baada ya infliksimabu dawa zilimiminika, na kwa miaka mingi kila moja ililinganishwa na maji au kidonge kitupu, karibu kamwe si na mwenzake. Kampuni haina sababu ya kuomba shindano inaloweza kushindwa. Jaribio la SONIC la mwaka 2010 lilikuwa miongoni mwa machache: wagonjwa 508 wa Crohn, na baada ya wiki 26 waliotulia bila steroidi walikuwa 30 kwa 100 kwa azathioprini, 44 kwa infliksimabu, na 57 kwa zote mbili pamoja. Wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana walingoja hadi 2019 kuona dawa mbili za kingamwili zikipimwa uso kwa uso. Vedolizumabu iliipita adalimumabu, 31 kwa 22 na nusu katika kila 100 baada ya mwaka. Kwa Crohn, ustekinumabu na adalimumabu zilikaribiana mno mwaka 2022. Mwaka 2024 jaribio la PROFILE la Uingereza likapindua ngazi yenyewe ya kupanda kutoka dawa pole hadi kali: waliogunduliwa karibuni na kupewa infliksimabu pamoja na dawa ya kutuliza kinga tangu mwanzo, 79 kwa 100 walikaa mwaka wakiwa wametulia bila steroidi wala upasuaji, na waliopandishwa hatua kwa hatua ni 15.

Takwimu hizo zingebaki hadithi ya matajiri kama si kazi ya Norwei. Mwaka 2017 ilichapisha utafiti uliogharamiwa na serikali yake, ambapo wagonjwa 482 wa magonjwa mbalimbali, wa utumbo wakiwemo, waligawanywa: wengine wakaendelea na infliksimabu ya awali, wengine wakahamishiwa nakala ya Korea Kusini iliyo nafuu zaidi. Hali zilizorudi nyuma zilikuwa 26 kwa 100 upande mmoja na 30 upande wa pili, tofauti ambayo watafiti walikuwa wameikubali tangu mwanzo. Serikali na mifuko ya bima ya Afrika Mashariki ina ushahidi huo mkononi. Kununua nakala hizi kwa pamoja, kwa wagonjwa wanaozihitaji kweli, ni jambo la uamuzi tu.

Na wewe unayehara damu kwa wiki kadhaa, uliyekwisha kumeza dozi ya amiba bila nafuu, usikubali dozi ya tatu na ya nne ya metronidazoli. Omba rufaa ukapimwe utumbo kwa kamera na vipande vichunguzwe maabara, na uhakikishe kifua kikuu kimetafutwa kabla ya steroidi. Kama umeshapewa salfasalazini na tumbo limetulia, muulize daktari kuhusu asidi ya foliki, kwa sababu dawa hiyo huizuia kunyonywa mwilini, kisha endelea kuimeza hata ukijisikia mzima.